Kiitaliano cha Safari: Mwongozo Kamili kwa Msemaji wa Kiswahili Anayekwenda Italia

Wanaokwenda Italia kutoka kwetu ni watu wa kila namna: mtawa anayetumwa Roma kusoma, kijana aliyepata nafasi ya chuo Bologna au Padova, mfanyabiashara anayefuata mashine za kusindika vyakula, mama anayekwenda kumwona binti yake aliyeolewa huko. Wengi wao huanza kujifunza lugha kwa kupitia Kiingereza, kwa sababu vitabu na programu nyingi za simu zimeandikwa hivyo. Wanajikuta wanafasiri mara mbili kichwani, na juu ya hapo wanabeba matamshi ya Kiingereza ambayo Muitaliano hayaelewi.

Ushauri wangu ni mmoja, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake: ingia kwenye Kiitaliano moja kwa moja kutoka Kiswahili. Irabu tano unazo tayari. Maneno mengi yanaishia kwa irabu kama yetu, mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mtendaji hukaa ndani ya kitenzi kama katika "ninasema" na "unasema". Ukijipa mwezi mmoja wa nusu saa kila siku, utafika uwanja wa ndege ukiwa na maneno ya kukutosha.

Tafuta daftari dogo. Kila sentensi utakayojifunza, iandike kwa Kiitaliano, kisha chini yake andika matamshi kwa herufi za Kiswahili. Hapa chini nimefanya hivyo kwenye mabano.

Hatua ya kwanza: sauti kabla ya maneno

Usikariri sentensi hata moja kabla hujaweza kusoma maandishi ya Kiitaliano kwa sauti. Kazi hii ni ya siku tatu au nne tu, kwa kuwa Kiitaliano husomwa karibu kama kilivyoandikwa. Kanuni za kushika ni hizi:

C mbele ya e au i ni "ch" yetu: ciao (chao), cena (chena), yaani chakula cha jioni. Mbele ya herufi nyingine ni k.
CH ni k: chiave (kyave), ufunguo.
G mbele ya e au i ni "j": gelato (jelato), aiskrimu. Kwingineko ni g ya "gari", na GH pia ni g.
GN ni "ny": bagno (banyo), choo au bafu.
GLI hutamkwa kama "lyi": biglietto (bilyetto), tiketi.
SC mbele ya e au i ni "sh": uscita (ushita), mlango wa kutokea. SCH ni "sk": bruschetta (brusketta).
Z ni "ts", mara nyingine "dz": grazie (gratsye), zero (dzero).
QU ni "kw": quanto (kwanto).
H haitamkwi kabisa: ho, yaani "nina", ni (o).

Jambo moja linalotaka jitihada ni konsonanti mbili zinazofuatana. Aliyesoma madrasa analijua tayari: ni shadda. Unakaa juu ya herufi kidogo kabla ya kuiachia, na maana inabadilika usipofanya hivyo. "Sete" ni kiu, "sette" ni saba. "Pena" ni adhabu, "penna" ni kalamu. "Anno" ni mwaka, nalo ndilo neno la kutajia umri wako. Ukiitamka n moja tu utakuwa umetaja sehemu ya mwili isiyotajwa mbele ya watu. Kwa hiyo fanya zoezi hili kwa sauti, polepole: nonno (babu), mamma, notte (usiku), otto (nane), cappello (kofia).

Wanaochanganya r na l katika mazungumzo ya nyumbani wazitenganishe huku. "Mare" ni bahari, "male" ni vibaya.

Mkazo nao una wakaidi wachache. Jiji la Napoli hutamkwa kwa kukaza NA, si PO. Vivyo hivyo TE-lefono ni kosa, sahihi ni te-LE-fono. SA-bato (Jumamosi), NU-mero, MAC-china (gari). Neno likiwa na alama juu ya irabu ya mwisho, kaza hapo: città, caffè, perché.

Hatua ya pili: salamu na heshima

Hapa ndipo ningetaka utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Italia, kama kwetu, mtu haingii dukani au ofisini akaanza kuuliza bei. Anasalimu kwanza. Mgeni anayesalimu husaidiwa kwa moyo tofauti na yule anayenyoosha kidole tu.

Buongiorno (bwonjorno): salamu ya asubuhi na mchana.
Buonasera (bwonasera): kuanzia alasiri hadi usiku.
Buonanotte (bwonanotte): kwa kuagana mtu anapokwenda kulala tu.
Salve (salve): salamu ya katikati, inafaa usipojua utumie ipi.
Arrivederci (arrivederchi): kwaheri, tuonane tena.

Na "ciao"? Aliyeisikia ufukweni Malindi au Zanzibar hudhani inamfaa kila mtu. Ni salamu ya rafiki, mtoto au kijana mwenzako. Ofisa wa uhamiaji, profesa, mama wa makamo anayekupangisha chumba: hao waambie buongiorno. Ukitaka kuonyesha heshima zaidi ongeza "signora" (sinyora) kwa mama au "signore" (sinyore) kwa baba.

Heshima hiyo huingia hata kwenye kitenzi. Kuna "tu" kwa unayemzoea na "Lei" (ley) kwa usiyemjua au aliyekuzidi. Kwa msafiri, shika umbo la Lei pekee. Utamwuliza mtu "Come sta?" (kome sta), hujambo, na yeye akikuuliza utajibu "Bene, grazie. E Lei?" (bene, gratsye, e ley), sijambo, ahsante, na wewe je? Akitaka mzoeane atakuambia mwenyewe mpeane "tu".

Kuna maneno ambayo Mswahili huyaelewa papo hapo. Ukifika mlangoni kwa mtu unasema "Permesso?" (permesso), na hiyo ni hodi kabisa. Mwenyeji atajibu "Prego" (prego) au "Avanti" (avanti). Prego hiyohiyo utaambiwa baada ya kusema grazie, na utaambiwa pia mtu anapokupisha upite au anapokuuliza akusaidie nini. Itumie kama unavyotumia karibu. Unapomwacha mtu kazini unamwambia "Buon lavoro" (bwon lavoro), kazi njema. Anayesafiri anaambiwa "Buon viaggio" (bwon vyajjo), safari njema. Wanaokula unawaambia "Buon appetito" (bwon appetito). Maneno haya madogo yana uzito mkubwa, maana yanaonyesha kwamba umelelewa.

Kwa kuomba samahani au kumsimamisha mtu njiani: "Mi scusi" (mi skuzi). Kwa kuomba chochote: "per favore" (per favore). Kwa kujitambulisha: "Mi chiamo Asha" (mi kyamo), "Piacere" (pyachere), nimefurahi kukufahamu. Kisha unakotoka: "Vengo dalla Tanzania", "dal Kenya", "dall'Uganda", "dal Congo", "dal Burundi", "dal Ruanda". Vengo hutamkwa (ven-go), g ikisikika.

Hatua ya tatu: vishina sita vya kuanzia

Kukariri sentensi mia ni kujichosha. Kariri vishina sita, kisha bandika jina la kitu mbele yake.

Vorrei… (vorrey): ningependa…
Dov'è…? (dov-E, kaza mwisho): …iko wapi?
C'è…? (che): kuna…?
Quanto costa…? (kwanto kosta): …ni bei gani?
Posso…? (posso): naweza…?
Ho bisogno di… (o bizonyo di): nahitaji…

Kwa hivyo tu unaweza kusema: Vorrei un biglietto per Firenze (ningependa tiketi ya kwenda Firenze). Dov'è il bagno? (choo kiko wapi?) C'è un autobus per il centro? (kuna basi la kwenda katikati ya mji?) Posso pagare con la carta? (naweza kulipa kwa kadi?) Ho bisogno di un medico (nahitaji daktari). Kila siku chukua nomino tano mpya uzipitishe kwenye vishina vyote vinavyokubali.

Kukanusha ni rahisi: weka "non" mbele ya kitenzi. Capisco, naelewa, non capisco, sielewi. Kubali ni "sì", na hapa mdomo wa Mswahili unaweza kumponza, kwa kuwa kwetu "si" hukanusha. Likitoka neno hilo kwa Muitaliano, amekubali.

Vitenzi vinabadilika mwishoni, si mwanzoni kama vyetu: parlo ni nasema, parli ni unasema, parla ni anasema, na ni hiyohiyo ya kumwambia mtu kwa heshima. Nomino nyingi za -o ni za kiume na za -a ni za kike, na sifa hufuata. Aliyezoea kusema mtu mzuri, kitu kizuri na nyumba nzuri hatashangaa kwamba maneno yanakubaliana. Mwanamume husema "sono stanco" (nimechoka), mwanamke "sono stanca". Ukikosea utaeleweka, songa mbele.

Vishina hivi vina upande wa pili: jibu. Wengi hujiandaa kuuliza bila kujiandaa kusikia. Kariri sana sentensi za kujiokoa: "Non ho capito" (non o kapito), sijaelewa. "Più piano, per favore" (pyu pyano), polepole tafadhali. "Può ripetere?" (pwo ripetere), unaweza kurudia? "Può scriverlo?" (pwo skriverlo), unaweza kuliandika? Hiyo ya mwisho ndiyo naipenda kuliko zote kwa bei, saa na anwani.

Hatua ya nne: namba, bei na saa

Moja hadi kumi: uno, due, tre, quattro, cinque (chinkwe), sei (sey), sette, otto, nove, dieci (dyechi). Kisha undici, dodici, tredici, quattordici, quindici, sedici, diciassette, diciotto, diciannove, na venti ni ishirini. Makumi: trenta, quaranta, cinquanta, sessanta, settanta, ottanta, novanta, mia ni cento (chento), elfu ni mille. Sikiliza sana tofauti ya sessanta (60) na settanta (70), kwa sababu sokoni zinatamkwa kwa kasi.

Bei ya euro 3 na senti 50 huandikwa 3,50 na kusemwa "tre e cinquanta". Mkato hutenga senti. Nukta hutenga maelfu. Ukiona pango la nyumba limeandikwa 1.500, hiyo ni elfu moja na mia tano.

Sasa saa, na hapa naomba usome mara mbili. Waitaliano huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, na kwenye ratiba hutumia saa 24. Treni ya 14.30 ni ya saa nane na nusu mchana. Miadi "alle nove" (alle nove) asubuhi ni saa tatu. Hatari inatokea unapofasiri kutoka kichwani: unamwambia dereva "alle tre" ukiwa na maana ya saa tatu asubuhi, naye anaelewa saa tisa, na ndege imeshaondoka. Dawa yake ni kuacha kufasiri. Iweke simu yako kwenye mfumo wa saa 24 tangu leo, na ukiwa unaongea Kiitaliano soma namba unayoiona kwenye kioo.

Siku: lunedì (Jumatatu), martedì, mercoledì (merkoledi), giovedì (jovedi), venerdì, sabato, domenica (domenika). Ongeza oggi (ojji), leo, domani, kesho, dopodomani, keshokutwa, ieri (yeri), jana.

Hatua ya tano: uwanja wa ndege na treni

Ofisa wa mpakani huenda akauliza sababu ya safari, "Motivo del viaggio?". Jibu kwa neno moja: turismo, studio, affari (biashara), visita familiare (kuwaona ndugu). "Quanto tempo resta?" ni utakaa muda gani: "Dieci giorni" (dyechi jorni), siku kumi. "Dove alloggia?" (dove allojja), utalala wapi: "in albergo", hotelini, au "da mia figlia" (da mia filya), kwa binti yangu.

Kutoka uwanja wa Fiumicino hadi stesheni kuu ya Roma Termini kuna treni ya Leonardo Express, mwendo wa kama nusu saa. Maneno ya kutambua kwenye ubao: partenze (partentse), zinazoondoka, arrivi, zinazowasili, binario, njia ambayo treni yako itasimama, ritardo, kuchelewa, cancellato (kanchellato), imefutwa. Ukiona "sciopero" (shopero), huo ni mgomo, na migomo ya usafiri huko hutangazwa mapema, hivyo uliza siku moja kabla.

Tiketi ya karatasi ya treni za mikoani, "regionale", lazima igongwe muhuri kwenye kimashine cha stesheni kabla hujapanda. Kitendo hicho ni "convalidare". Asiyegonga hutozwa faini hata kama amelipia nauli. Uliza: "Devo convalidare il biglietto?", natakiwa kugonga tiketi muhuri? Tiketi za basi mara nyingi huuzwa kwenye tabaccheria (tabakkeria), kiduka chenye alama kubwa ya T.

Barabarani: a destra, kulia, a sinistra, kushoto, sempre dritto, nyoosha moja kwa moja, vicino (vichino), karibu, lontano, mbali.

Hatua ya sita: kula na kunywa

"Bar" Italia ni mahali pa kahawa na kitafunio cha asubuhi, na hata watoto huingia. Ukiagiza "un caffè" utaletewa kahawa kidogo, nzito, kwenye kikombe kidogo; mtu wa Mombasa au Tanga aliyezoea kahawa chungu atajisikia nyumbani. Ukisema "latte" peke yake utaletewa maziwa. Kwenye bar nyingi za stesheni unalipa kwanza kwenye "cassa", unapewa risiti iitwayo scontrino, ndipo unaagiza kaunta. Kunywa umesimama kaunta mara nyingi ni bei nafuu kuliko kukaa mezani.

Mgahawani: "Un tavolo per due" (meza ya watu wawili), "Vorrei ordinare" (ningependa kuagiza), "Il conto, per favore" (bili tafadhali). Kwenye bili unaweza kuona "coperto", malipo madogo ya kila aliyekaa mezani. Ni ya kawaida, hujaibiwa. Maji ni "naturale" (ya kawaida) au "frizzante" (yenye gesi). Roma ina mabomba mengi ya barabarani yanayotoa maji ya kunywa bure. Epuka tu palipoandikwa "non potabile".

Kwa Mwislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe, sentensi ya kwanza ya kukariri ni "Non mangio maiale" (non manjo mayale), sili nguruwe. Uliza: "C'è maiale?", kuna nguruwe? na "C'è alcol dentro?", kuna pombe ndani yake? Majina yanayoficha nguruwe ni mengi: prosciutto (proshutto), pancetta, guanciale (gwanchale), speck, salame, na strutto ambayo ni mafuta yake. Tambi za carbonara na amatriciana hupikwa kwa guanciale. Tiramisù mara nyingi hutiwa pombe. "Peperoni", kwa upande mwingine, ni pilipili hoho tu, usiiogope.

Bombani, C ni "calda", ya moto, na F ni "fredda", ya baridi. Aliyezoea C ya Kiingereza (cold, baridi) huunguza mkono.

Hatua ya saba: jina lako, ofisi na ugonjwa

Alfabeti ya Kiitaliano ina herufi 21, na zinazokosekana ndizo zilizojaa kwenye majina yetu. Jifunze kuzitaja: J ni "i lunga", K ni "kappa", W ni "doppia vu", Y ni "ipsilon". Waitaliano hutaja herufi kwa miji: M come Milano, A come Ancona, R come Roma, N come Napoli. Chausiku ajue kwamba ataitwa "Kausiku", kwa sababu ch kwao ni k. Kwenye fomu, "nome" ni jina lako, "cognome" (konyome) ni la ukoo, "firma" ni saini.

Anayekwenda kusoma au kufanya kazi kwa viza ya muda mrefu anatakiwa kuomba "permesso di soggiorno" (sojjorno), kibali cha kuishi, ndani ya siku 8 za kazi baada ya kuwasili. Fomu zake kwa wengi hupatikana posta, kwenye dirisha la "Sportello Amico".

Dharura yoyote: 112. "Aiuto!" (ayuto) ni msaada! "Mi hanno rubato la borsa" (mi anno rubato), wameniibia mkoba. "Ho perso il passaporto", nimepoteza pasipoti. Polisi watakuandikia "denuncia" (denuncha), taarifa rasmi ya tukio. Omba nakala, kwa maana ubalozi wako Roma utaihitaji.

Ukiugua: "Mi fa male" (mi fa male) kisha taja mahali: la testa, kichwa; la pancia (pancha), tumbo; il petto, kifua. Na hili msilipuuze. Italia ilitangazwa kuwa huru na malaria mwaka 1970, na daktari wa huko anaweza kuiona homa yako kuwa ni mafua. Ukipata homa wiki chache baada ya kuwasili, sema mwenyewe: "Ho la febbre. Vengo da una zona con malaria. Vorrei il test." Yaani: nina homa, natoka eneo lenye malaria, ningependa kupimwa. Matibabu ya haraka yanategemea sentensi hiyo.

Jinsi ya kufanya mazoezi

Wiki ya kwanza iwe ya sauti na salamu, ya pili vishina na namba, mbili zilizobaki uigize hali halisi na mwenzako: mmoja mhudumu, mmoja mteja, kisha mbadilishane. Jirekodi kwa ujumbe wa sauti na ujisikilize.

Kwa masikio, nina njia ninayoipendekeza hata kwa asiye Mkatoliki. Kila Jumapili adhuhuri ya Roma, Papa husali Malaika wa Bwana na watu uwanja wa Mtakatifu Petro, akizungumza Kiitaliano cha taratibu na kilicho wazi. Kwetu Afrika Mashariki ni saa nane mchana, au saa saba wakati wa majira ya joto ya Ulaya. Vatican News huandika habari hizo kwa Kiitaliano na pia kwa Kiswahili, kwa hiyo unaweza kusikiliza, kisha ukasoma yaliyosemwa kwa lugha yako.

Watu wa kuongea nao wapo. Waitaliano wamekuwa Malindi kwa miongo mingi. Mradi wao wa San Marco ulirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini karibu na hapo mwaka 1967. Watamu na Kiwengwa pia utawakuta. Nairobi kuna Istituto Italiano di Cultura, taasisi ya utamaduni wa Italia, inayofundisha lugha. Na kwenye parokia zilizoanzishwa na Wamisionari wa Konsolata, shirika lililozaliwa Torino mwaka 1901, mara nyingi hukosi padre au mtawa aliyeishi Italia, mpigie hodi kwa "Permesso?" uone atakavyokupokea.

Siku moja kabla ya kuondoka, andika kwenye karatasi anwani kamili unakofikia, namba ya simu ya mwenyeji, na juu yake sentensi hii kwa herufi kubwa: "Devo andare a questo indirizzo", natakiwa kwenda kwenye anwani hii. Pakua pia Kiitaliano kwenye programu ya kutafsiri ili ifanye kazi bila intaneti. Karatasi iweke mfukoni au kwenye mkoba wa mkononi, usiifungie kwenye sanduku linalopakiwa chini ya ndege.